DAWA YA KIFUA NA MOSHI WA TUMBAKO HAVIKAI NYUMBA MOJA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu Akamtia pumzi. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake.

Ama baada ya haya, ndugu Waislamu, somo letu la safari hii lahusu jambo lisilokosekana katika nyumba nyingi za miji yetu ya pwani, nalo ni maradhi ya kifua: pumu, kikohozi kisichokwisha, na kukatika pumzi. Twataka kueleza dawa za maradhi hayo, na pamoja nazo kuacha tumbako. Kwani mambo haya mawili hayatengani, na watu wetu wameyatenga. Wako wanaotafuta dawa kila mwezi na huku sigara i mkononi. Na wako wanaotaka kuacha sigara kwa dhati ya moyo, lakini wadhani kuwa kuacha ni kazi ya nia peke yake. Wakishindwa mara mbili tatu hukata tamaa, wakasema ndivyo walivyoandikiwa. Makundi yote mawili yahitaji nasaha, wala hayahitaji matusi.

KUJITIBU NI AMRI

Mabedui walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamuuliza kama yafaa wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa, isipokuwa uzee tu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na amtegemee Mungu, aliambiwa amfunge, kisha ategemee. Basi mwenye kusema kuwa yeye amtegemea Mungu na kwa hivyo hataki dawa, huyo amemwacha ngamia wake bila ya kamba.

Twayasema haya kwa sababu wangaliko miongoni mwetu ambao mtoto wao akibanwa na kifua usiku, la kwanza wanalolitafuta ni mganga wa kupunga, au hirizi ya kumvika shingoni, nao huambiwa kuwa kuna jini amemkalia kifuani. Kumwomba Mungu hatukatazi. Ni ibada, na mgonjwa huombewa na hujiombea. Lakini dua haikuletwa iwe badala ya dawa, kama ambavyo kuomba riziki hakukuletwa kuwe badala ya kazi. Na pumu yaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache. Usiku mmoja uliopotezwa kwa mganga huenda ukawa ndio usiku wa mwisho wa mtoto yule, na mzazi wake ataulizwa.

Wala elimu hii si ngeni katika nchi za Kiislamu. Waarabu huiita pumu "rabu". Musa bin Maimun, tabibu wa Kiyahudi aliyetumikia jumba la ufalme wa Kiayubi mjini Kairo, aliandika kwa Kiarabu, mwishoni mwa karne ya 12, kitabu kizima juu ya ugonjwa huu kwa ajili ya mkubwa mmoja aliyekuwa nao, akamweleza habari za hewa, chakula na usingizi. Hakumtajia jini wa kifuani.

PUMU NA DAWA ZAKE MBILI

Mapafu yana mifereji mfano wa matawi ya mti, na hewa hupita humo. Kwa mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mifereji hiyo huwa imewaka na kuvimba, hata siku ambayo mwenyewe ajiona mzima. Akikutana na vumbi, au moshi, au baridi, au akipatwa na mafua, misuli ya mifereji hujikaza, ute ukajaa, na hewa ikapita kwa shida huku kifua chalia kama filimbi. Basi yako mambo mawili: uvimbe wa siku zote, na kubana kwa ghafula. Na kila moja lina dawa yake. Asiyeyafahamu haya hawezi kujitibu sawasawa.

Dawa ya kwanza ni ya kufungua. Mashuhuri yake ni salbutamoli, iliyopatikana Uingereza mwaka 1966 na kuanza kuuzwa mwaka 1969. Wengi wanaijua kwa inhela yake ya buluu. Hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake hudumu kadiri ya saa 4 hata 6. Lakini uvimbe haiuponyi. Ni kama mtu anayekufungulia mlango huku nyumba ingali yawaka moto.

Dawa ya pili ni ya kuzuia, nayo ndiyo izimayo moto wenyewe. Katika hizo ni beklometasoni, ambayo inhela yake ilianza kuuzwa mwaka 1972, na budesonidi. Hii haimpi mtu nafuu papo hapo. Hutumiwa kila siku kama alivyoagiza daktari, na faida yake huonekana baada ya siku na majuma. Kwa hivyo watu wengi huiacha. Huona ile ya buluu imewafungua, na hii nyingine haikuwafanya kitu, wakaitupa. Hili ni kosa kubwa. Mwaka 2019 jumuiya ya kimataifa ya madaktari wa pumu, iitwayo GINA, ilitoa shauri kuwa watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa dawa ya kufungua peke yake, kwa kuwa kuitegemea hiyo tu kumeonekana kuzidisha khatari ya kubanwa vibaya na kufa. Basi mwenye kumaliza inhela ya buluu moja baada ya moja asijione amejitibu. Na aende kwa daktari amwulize habari ya dawa ya kuzuia.

Husemwa pia mitaani kuwa inhela ni dawa kali, kuwa huuchosha moyo, na kuwa mwenye kuianza hufungwa nayo maisha, kwa hivyo ni bora vidonge. Hesabu yenyewe yatosha kujibu. Kipulizo kimoja cha salbutamoli kina mikrogramu 100. Kidonge chake cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani kadiri ya vipulizo 40, nacho huzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani. Inhela hupeleka kidogo pale panapohitajika. Ipi basi iliyo kali?

Na kuitumia kuna adabu zake. Itikiswe kwanza. Mtu atoe pumzi, atie inhela kinywani na kuifumba midomo, abonyeze huku akivuta pumzi polepole, kisha azuie pumzi kadiri ya kuhesabu kumi. Mtoto asiyeweza hayo hutumia chombo cha kati, ambamo dawa huingia kwanza naye akaivuta taratibu. Chombo hicho kikikosekana, madaktari wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1999 kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa chini kwa kadiri ya mdomo wa inhela na ikazibwa pembeni hewa isipenye, ilifaa kwa watoto waliobanwa kama kilivyofaa chombo cha kununua. Na baada ya dawa ya kuzuia, mtu asukutue kinywa na kutema, ili asiote utando mweupe ulimini. Sisi tunaosukutua kwa udhu mara tano kwa siku, hili halitushindi: mtu na avute dawa yake kabla ya udhu wa alfajiri na kabla ya udhu wa isha.

Tena zishikeni dalili hizi: mgonjwa akiwa hawezi kutimiza maneno ya sentensi moja bila ya kukata pumzi, au midomo ikigeuka rangi, au ikiwa ile dawa ya kufungua haimpi nafuu, basi huyo ni wa kupelekwa hospitali saa ile ile. Asingojewe kupambazuke.

MARADHI YA MVUTAJI

Uko ugonjwa mwingine ambao watu huudhania ni pumu, nao si pumu. Mwenye nao mara nyingi ni mtu wa makamo au mzee aliyevuta miaka mingi. Huanza na kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, kisha hupungukiwa na pumzi akipanda ngazi, kisha akitembea kwenda msikitini, hata mwishowe akivaa kanzu tu hutweta. Moshi umeijaza makohozi mifereji yake, na vifuko vidogo vya hewa vilivyo mwishoni mwa mifereji hiyo umevipasua. Moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na njia ya hewa huweza kuleta jambo hili hili kwa wanawake wetu, na hilo nalo tulitazame. Dawa za kufungua mifereji humpunguzia taabu mgonjwa huyu, lakini hakuna dawa inayovishona vifuko vilivyopasuka. Kinachoweza kuuzuia ugonjwa usikimbie mbele ni kuacha tumbako.

Khabari za madhara ya tumbako zilithibiti zamani. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza Uingereza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Tangu mwaka 1951 wakawafuatia madaktari wa nchi hiyo, wavutaji na wasiovuta, na hesabu ya miaka 50 ikatolewa mwaka 2004. Ilionekana kuwa wavutaji wa siku zote walipungukiwa na kadiri ya miaka 10 ya umri kwa wastani. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijipatia kadiri ya miaka 3. Mwenye 50 miaka 6. Mwenye 40 miaka 9. Na mwenye 30 karibu yote 10. Ajali i mikononi mwa Mungu, na sababu zake pia ni Yeye Aliyeziweka. Basi asiseme mzee kuwa kwake yeye saa imepita.

MOSHI HUIPINGA DAWA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mwenye kuvuta sigara na huku ajitibu kifua hafanyi jambo moja jema na moja baya yakaenda sambamba. Lile baya hulila lile jema. Ile dawa ya kuzuia tuliyoieleza, kwa mwenye pumu anayevuta, haifanyi kazi vizuri kama inavyofanya kwa asiyevuta. Na vidonge vya teofilini, ambavyo bado hutolewa, moshi wa tumbako hulifanya ini livitoe mwilini upesi, dawa ikapungua kabla ya wakati wake. Kwa hivyo mwenye kutumia vidonge hivyo akiacha sigara ni lazima amjulishe daktari wake, kwani kipimo kilichokuwa kikimtosha huenda sasa kikamzidi, akapatwa na kutapika na kwenda mbio kwa moyo. Wala asifanye jambo hilo kuwa udhuru wa kutoacha. Dawa hupunguzwa, basi.

Tena mtazame baba anayemnunulia mwanawe inhela, kisha jioni akaketi chumbani humo humo akavuta. Fedha aliyoitoa dukani kwa dawa, na fedha aliyoitoa dukani kwa sigara, zapigana kifuani mwa mtoto asiye na kosa. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Ni madhara gani yaliyo wazi kuliko haya?

HUKUMU YAKE

Tumbako ilifika nchi za Kiislamu kutoka Marekani mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Maulamaa hawakuikuta katika vitabu vya waliotangulia, wakakhitalifiana. Sheikh Ibrahim al-Laqani wa Misri aliiharimisha. Sheikh Abdulghani an-Nabulsi wa Damaski aliandika kuihalalisha. Na Sultani Murad wa Nne aliikataza kwa upanga mwaka 1633. Wengi katika walioihalalisha walijenga hoja yao juu ya neno moja, kuwa madhara yake hayajathibiti. Leo yamethibiti. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kuwa tumbako huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao wako wasiovuta bali huvutiwa. Na hukumu huifuata sababu yake. Kwa hivyo baraza ya fatwa ya Malaysia iliiharimisha sigara mwaka 1995, na jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikafanya hivyo mwaka 2010, na maulamaa wengi wengine wamesema hayo hayo.

Hoja zao si ngumu kufahamika. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, kujitupa wenyewe katika maangamizo. Mali tutaulizwa tuliichumia wapi na tukaitumia katika nini. Na ikiwa aliyekula kitunguu saumu aliambiwa ajitenge na msikiti kwa ajili ya harufu, yuko wapi mwenye kuingia safuni na harufu ya sigara? Anayeshikilia kauli ya zamani kuwa ni makuruhu tu, na ajiulize kama wenye kauli ile wangeliyaona mapafu tunayoyaona sisi wangelisema walivyosema.

Wala mtu asikimbilie shisha akidhani maji yameusafisha moshi. Shirika hilo hilo lilieleza mwaka 2005 kuwa mvutaji wa shisha katika kikao kimoja huweza kuvuta moshi kadiri ya ule wa sigara 100 au zaidi. Na tumbako ya kutia katika tambuu, na kuberi, na ugoro, ingawa hazina moshi, zina ile ile nikotini ifungayo, na huleta saratani ya kinywa.

KUACHA NAKO KUNA DAWA

Sasa twasema na yule ndugu anayetaka kuacha na akashindwa. Jua kuwa kilichokushika kina jina: ni nikotini. Hufika ubongoni kwa sekunde chache tangu kuvuta, ukapata raha. Kisha hupungua, na mwili ukaidai. Kule kudai ndiko kunakokufanya mkali kwa mkeo na watoto, ukakosa usingizi, ukakosa kutulia. Siku za juma la kwanza ndizo ngumu, na baada ya majuma 2 hadi 4 hupungua sana. Haya ni maradhi kama maradhi mengine, na ile hadithi ya mabedui yaingia hapa pia: yamewekewa dawa.

Dawa hizo ni namna tatu. Ya kwanza ni nikotini yenyewe bila ya moshi, katika kipande cha kubandika ngozini au ubani wa kutafuna. Ubani huo hautafunwi mfululizo. Hutafunwa polepole, kisha ukawekwa kati ya ufizi na shavu, kama wafanyavyo watu wa tambuu. Shirika la Afya la Ulimwengu liliitia dawa hii katika orodha yake ya dawa za lazima mwaka 2009. Ya pili ni vidonge vya vareniklini, na ya tatu vidonge vya bupropioni. Hizi mbili ziliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2021. Vareniklini kwa kawaida huanzwa kiasi cha juma moja kabla ya siku ya kuacha, na hutumiwa majuma 12. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Si kila duka la dawa lina zote, na kuchagua ni kazi ya daktari; lakini mwulize, usione haya.

Huenda mtu akasema: Je, si haramu kutumia nikotini ili kuacha nikotini? Twamjibu kuwa madhara mawili yakikutana, huchukuliwa lililo jepesi ili kuliondoa lililo zito. Kipande cha ngozini hakina moshi wala lami, na hupunguzwa kidogo kidogo hata kikaachwa. Huyo atoka shimoni kwa ngazi.

Pamoja na dawa, fanya haya: weka siku maalumu, na uwajulishe watu wa nyumbani, ondoa sigara, kiberiti na kibweta cha majivu, na baraza ile ambayo kila ukiketi hupewa moja, iepuke kwa mwezi, hasa yenye miraa, kwani miraa na sigara ni ndugu. Ukiteleza ukavuta moja, usiseme yote yameharibika. Toba haifungwi kwa kosa moja, na wengi walioacha hawakuacha kwa jaribio la kwanza.

MWEZI WA RAMADHANI

Mwezi huu ni fursa. Mvutaji wa pwani yetu hukaa zaidi ya saa 13 bila ya sigara, kila siku, kwa siku 29 au 30; basi anayesema hawezi, ameshaweza. Kilichobaki ni ule usiku. Asiyefungulia kwa sigara amekwisha kuivuka sehemu kubwa ya njia. Na kile kipande cha ngozini hakimharibii saumu: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah lilikata mwaka 1997 kuwa dawa zinazoingia kwa kupenya ngozini hazifunguzi.

Ama inhela, maulamaa wamekhitalifiana. Wako waliosema haifunguzi, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz. Na wako waliosema hufunguza, kwa kuwa dawa yafika ndani kwa njia iliyo wazi, na kauli hii ndiyo iliyo karibu na kanuni za madhehebu yetu ya Shafi. Lakini hakuna hata mmoja katika wao aliyesema kuwa mtu aliyebanwa avumilie mpaka afe. Dawa ya kuzuia mara nyingi huwezekana kutumiwa wakati wa daku na baada ya futari. Ile ya kufungua, ukibanwa, itumie saa ile ile. Na ukifuata kauli ya kuwa imefunguza, utalipa siku nyingine, kama Mwenyezi Mungu Alivyompa mgonjwa rukhusa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184. Deni la siku moja lalipika. Roho hailipiki.

Basi, ndugu zetu, mwenye inhela ya buluu peke yake na amwone daktari. Mwenye kuvuta na aweke siku yake. Baba asimtume mwanawe dukani kununua sigara, wala asivute ndani ya nyumba. Na sisi sote, tukimwona ndugu anajaribu kuacha, tusimcheke barazani wala tusimpe moja ya "mara ya mwisho". Tumsaidie kama tunavyomsaidia mgonjwa kuinuka. Pumzi ni amana, na mwenye amana atairejea.

Wabillahi taufiqi.